Kanzu Iliyofuturu Kabla ya Mwenyewe

Ninyi mnaojifunza kushona, leo nataka kuwaambia jambo ambalo halimo katika daftari zenu. Kukata mkono wa shati, kutia zipu, kugeuza kola, hayo mnayajua kuliko mimi, maana siku hizi mnafungua simu na simu inawaonyesha mpaka vidole vya fundi wa Uchina. Mimi nimeshona miaka thelathini na kitu hapa Bunia, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilishona katika atelie ya mama Mwislamu. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki wa Mahagi, nimebatizwa na kupakwa mafuta. Sasa macho yamechoka na mashine nimemwachia binti yangu. Lakini namna ya kumshonea mtu nguo ya Idi bila kumharibia Idi yake, hiyo bado naikumbuka. Naikumbuka kwa sababu niliharibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Mwajuma. Baba yake alitoka Kasongo zamani, akafuata biashara mpaka huku. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kuinua ile sauti hata siku niliyokata gauni la bibi harusi kwa kipimo cha dada yake. Atelie ilikuwa chumba kimoja si mbali na soko kubwa: mashine tatu, meza ya kukatia, pasi ya makaa, na dirisha la mbao upande wa nyuma. Aliponichukua nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa silijui jina la kifaa hata kimoja.

Ramazani yangu ya kwanza pale, nilijua tu kwamba Waislamu hawali mchana. Hakuna aliyeniambia mimi nile wapi. Basi nikatia karanga katika mfuko wa aproni. Njaa ikiniuma naangusha sindano, nainama chini ya meza kuitafuta, natafuna, naibuka. Siku hiyo sindano zilianguka sana.

"Jorjeti," Mama Mwajuma akaniita. "Ile sindano uko natafuta, iko na maganda?"

Nikabaki chini ya meza, mdomo umejaa.

"Toka kule. Kula sawa mutu. Ni miye niko nafunga, haiko weye."

"Naogopa kukukwaza, mama."

"Unanikwaza kama unakula sawa mwizi mu atelie yangu. Batu batasema nakunyimaka chakula."

Nikaona ruhusa imetoka. Kesho yake nikaja na samaki wa kukaanga wa kutoka ziwani, na pilipili yake, nikamfungua saa sita juu ya meza ya kukatia, pembeni ya kikwembe, kitenge kipya cha mteja, nikaanza kumsifu samaki kwa sauti. Mama Mwajuma alisimama, akafungua dirisha, akarudi kwenye mashine. Jioni, baada ya kufuturu, ndipo akaniambia, "Jorjeti, kuna kujificha, na kuna kutangaza. Katikati pale kuna nafasi mingi. Ukae mule." Tangu siku hiyo nilikula kwenye ngazi ya nyuma, kwa raha yangu, na nikirudi nanawa mikono. Na kikwembe cha mteja hakikunuka samaki tena.

Halafu nikashikwa na ugonjwa wa pole. Kila saa: pole mama, pole na njaa, pole na kiu, pole na jua. Alivumilia siku nne. Siku ya tano akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikasema hapana. "Basi juu ya nini pole? Huu mwezi tunaungojaka mwaka muzima, sawa vile mugeni wa heshima. Uniambie mufungo mwema, inatosha. Kisha uniletee ule uzi wa kahawia."

Tukiwa kwenye uzi, chukueni hili. Sisi mafundi tumezoea kulamba uzi kabla ya kuutia kwenye sindano, na kuukata kwa meno. Mama Mwajuma katika mwezi wa mfungo hakuupeleka uzi mdomoni. Aliukata kwa mkasi, mshazari, akapitisha ncha kwenye kipande cha mshumaa, na uzi ukaingia mara moja. Nikajaribu, nikaona ni bora kuliko mate. Mpaka leo nikimwona kijana analamba uzi, najua hajawahi kufanya kazi na mtu anayefunga.

Mwaka wa pili nikajifanya shujaa. Nikatangaza kwamba siku moja nitafunga pamoja naye, kwa urafiki. Hakunikataza, aliniangalia tu. Saa tano nilikuwa naimba. Saa saba nikanyamaza. Saa nane alinyanyua blauzi niliyokuwa nashona, akaigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole yule mteja atapitisha wapi kichwa. Nilikuwa nimeshona mkono wa kushoto kwenye shingo, vizuri kabisa, mishono miwili. Akanitengenezea buyi, uji wa moto, kwa mikono yake, mama aliyekuwa amefunga, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza bakuli. "Asante kwa urafiki," akasema. "Lakini kesho unisaidie na mikono, haiko na tumbo."

Hayo yote yalikuwa ya kucheka. Kuna moja halikuwa la kucheka. Mama Mwajuma alikuwa na binti, Zaina, ambaye alikuja kutusaidia kutia vifungo. Siku moja katika mfungo nikamkuta nyuma anakunywa chai. Tulipoingia ndani, na kulikuwa na wateja wanne, wawili wanaume, nikamwuliza kwa furaha tu, kama mtu anayeuliza habari za asubuhi, "Zaina, leo weye haufunge?"

Mwanaume mmoja akaanza kuchunguza dari. Zaina akainamisha kichwa juu ya vifungo, na mimi nikatumwa sokoni kununua uzi mweupe, wakati uzi mweupe tulikuwa nao wa mwaka mzima. Niliporudi, wateja wameondoka, Mama Mwajuma akanikalisha.

"Kama umeona mutu anakula mu Ramazani, usiulize. Kuna mugonjwa. Kuna musafiri. Kuna mwenye mimba, kuna mwenye kunyonyesha. Na kuna zile siku za banamuke, unazijua, weye pia uko mwanamuke. Ulitaka akujibu nini mbele ya banaume?"

Nilitaka kuingia chini ya meza tena, safari hii bila karanga. Zaina alikaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu nilimwomba msamaha, akacheka, akaniambia atangoja Kwaresima, Ijumaa moja ambayo sisi Wakatoliki hatuli nyama, tukiwa na wateja, aniulize kwa sauti nimekula nini.

Sasa nije kwa Muzee Amisi, maana ndiye niliyetaka kumfikia. Alikuwa mwalimu wa jografia, amestaafu, mrefu, mwembamba, na alikuwa bado anamtazama kila mtu kama mwenye daftari isiyosahihishwa. Mara ya kwanza alipoingia atelie, nilimnyoshea mkono. Yeye akaweka wake kifuani na kuinama kidogo. Nikashtuka.

"Muzee, kifua kinakuuma?"

Nikamvutia kiti. Nikamletea maji katika kikombe, saa kumi ya mfungo. Mama Mwajuma alikuwa amejificha nyuma ya gauni alilokuwa anapiga pasi, na lile gauni lilikuwa linatetemeka.

"Kifua kiko muzima, mama," Muzee Amisi akajibu. "Ni salamu tu. Na mayi, utanipatia mangaribi."

Kumbe wako wanaume wasiomshika mkono mwanamke asiye wa nyumba yao, na wako wanaoshika, wote Waislamu. Basi mimi nangoja. Akinyosha, nashika. Akiweka kifuani, naweka kifuani. Na mwanaume wa namna hiyo usimzungushie metre, ule utepe wa kupimia, mwilini. Mwambie akuletee kanzu yake ya zamani, uilaze mezani, uipime. Na umwulize urefu anaotaka, kwa sababu mwingine anataka ifike kwenye kifundo cha mguu na mwingine anataka iishie juu yake, na hilo si jambo la fundi kuamua. Kama unapima mwili wa mtu katika mfungo, acha kidole kizima cha kitambaa ndani ya mshono. Mwezi wa kwanza wa kula mchana, mwili ukirudi, mtanishukuru.

Na mwezi wa mbinguni muuheshimu. Mteja wa Krismasi anajua tarehe tangu mwaka umeanza. Mteja wa Idi anangoja mwezi uonekane, siku ya ishirini na tisa jioni. Ukionekana, kesho ni Idi. Usipoonekana, wanafunga siku moja zaidi. Kwa hiyo nguo ya Idi inamalizika siku ya ishirini na nane. Mama Mwajuma alinitia sheria hiyo kichwani kama katekisimu, na niliishika miaka yote, isipokuwa mwaka mmoja.

Mwaka huo si wa zamani. Miguu ya Mama Mwajuma ilikuwa imeanza kuvimba, akabaki nyumbani, atelie akaniachia mimi. Muzee Amisi alikuwa ametoka katika ugonjwa mrefu. Idi mbili zilikuwa zimempita akiwa kitandani, anasikia takbira kwa mbali na hawezi kuinuka. Sasa alikuwa anatembea kwa fimbo. Alileta kitambaa cheupe kizuri na kanzu yake ya zamani ya kupimia, akasema, "Mama Jorjeti, mwaka huu nitasali na batu. Unishonee vizuri."

Nilishona vizuri. Lakini nilichelewa. Siku ya ishirini na tisa mchana ndipo nilipotia wanga kwenye kola na kuipiga pasi, na kwa sababu ya mvua haikukauka sawasawa. Nikaitundika kwenye dirisha la nyuma, kanzu ya zamani kando yake, nikafunga mbao, nikaenda nyumbani mapema. Niliamini moyoni kwamba mawingu yale hayatamwonyesha mtu mwezi.

Jirani yetu wa nyuma alikuwa Papa Dede, mwenye nganda, baa ndogo ya bia na nyama ya kuchoma. Nyama yenyewe ilikuwa nguruwe. Miaka yote, Ramazani ikiingia, Papa Dede alisogeza jiko lake mpaka kona ya mbali ya kiwanja, bila kuombwa, kwa heshima ya Mama Mwajuma. Lakini mwaka huo Pasaka ilikuwa imetoka kupita, Wakatoliki wenzangu walikuwa wanarudisha kwa nguvu nyama zote walizokosa katika Kwaresima, na siku hiyo mvua ilinyesha. Papa Dede akavuta jiko chini ya paa letu, chini kabisa ya lile dirisha, na akachoma mpaka jioni.

Mwezi ulionekana.

Asubuhi, saa moja kasoro, nilimkuta Muzee Amisi ananingoja mlangoni, kofia mpya kichwani. Nikafungua, nikatoa kanzu, nikampa kwa mikono miwili. Mimi pua yangu imezoea moshi wa Papa Dede, sikusikia kitu. Yeye aliinyanyua, akaifikisha usoni ili aivae, akasimama hapo hapo. Akaishusha taratibu.

"Mama Jorjeti, hii kanzu ilifunga na siye?"

"Namna gani, muzee?"

"Naona jana ilifuturu. Na haikufuturu na tende."

Nikaichukua, nikanusa. Nikakimbilia ile ya zamani, nayo ilikuwa imekula sahani yake. Nikashika chupa ya marashi, lakini alinizuia kwa mkono. "Acha. Itanuka sawa nguruwe anaenda harusini."

Alisema hivyo kwa utulivu, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. "Haina shida. Nitarudi kwa nyumba. Mungu ananijua." Lakini alikuwa anaangalia mlango, watu wanapita na watoto wao wamevaa mapya, wanakwenda kwenye kiwanja cha sala. Alikuwa anauma mdomo wa chini. Yule mwalimu wa jografia aliyeogopwa na mji mzima. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya Zaina.

Nikampigia Mama Mwajuma simu. Nilisikia sufuria za pilau zinagongana nyuma yake. Hakunigombeza. "Sala ni saa mbili na nusu. Uko na saa moja na nusu. Mayi ya moto, sabuni, ndimu, mara mbili. Usiikamue, itakunjamana. Uiviringishe mu taulo, uikanyage na miguu. Kisha pasi, na pasi iwe na moto wa kweli."

Maji ya moto nilikuwa nayo kidogo kwenye termosi, mengine nilikopa kwa jirani. Nikafua, nikasuuza, nikanusa, nikafua tena. Nikaiviringisha katika taulo na kuikanyaga kama mtu anayeponda udongo wa nyumba. Ilipofika kwenye pasi, nikakumbuka sina moto. Makaa yote yalikuwa baridi.

Hapo mlango wa nyuma ukagongwa. Ni Papa Dede. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia zile mbao, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kuku wa jirani. Mkononi alikuwa na makaa mekundu kwenye koleo.

"Mama Jorjeti, kamata moto."

"Papa Dede, ile moto ya jiko yako haiingie mu hii pasi."

Akatazama koleo, akaelewa, akageuka mbio. Akarudi na mbabula, jiko dogo la makaa la mke wake la kupikia chai, na mfuko wa makaa uliokuwa haujafunguliwa. Akachuchumaa akaanza kupepea kwa kipande cha karatoni, na hakuinua kichwa mpaka pasi ikaanza kutoa cheche.

Wakati napiga pasi, niligundua nimeweka termosi ya pili, ya chai, na mandazi nyuma ya mashine, nimevifunika kwa kitambaa, kwa mazoea ya mwezi mzima. Muzee Amisi alikuwa ameviona.

"Mama, mule kuna nini?"

"Chai na mandazi, muzee. Unisamehe, nilikuwa naificha."

"Leo ukinificha chai, utakuwa umenikosea. Leo kufunga ni haramu. Mutu anakulaka kitu kidogo, kisha anaenda kusali. Na ile mandazi, ilipikwa na mafuta gani?"

"Ya mawese, muzee. Nilipika miye mwenyewe, na ile sufuria haijaona nguruwe hata siku moja."

Alinitazama vile vile alivyotazama madaftari. Kisha akachukua mandazi mawili na kikombe cha chai, akala kwenye kiti cha wateja, amevaa koti lake na kofia ya Idi. Kuna watu wanaona aibu kuulizwa chakula kimepikwa na nini, wanajibu tu kwamba hakuna neno. Msifanye hivyo. Jibuni kweli, hata kama kweli ni kwamba hamjui, mwacheni mtu aamue mwenyewe.

Saa mbili na dakika ishirini kanzu ilikuwa nyeupe, inanuka ndimu na pasi, pindo la chini bado bichi. Akaivaa. Kwa fimbo yake, kiwanja kilikuwa mbali. Papa Dede akasema ana pikipiki. Halafu, bila mtu yeyote kumwambia kitu, akaingia kwake, akavua shati la kazi, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatoka na shati safi la Jumapili.

"Panda, muzee. Upepo utakausha hii pindo."

Wakaondoka. Mwalimu wa jografia amekaa wima nyuma ya mchoma nguruwe, kanzu inapepea, fimbo ameishika kama bendera. Papa Dede alirudi akanieleza kwamba walifika safu zinanyoshwa, watu wakasogea, Muzee Amisi akapata nafasi safu ya mwisho, pembeni ya ukuta. Yeye Papa Dede alingoja barabarani mpaka sala ikaisha ili amrudishe nyumbani. Mchana Muzee Amisi akatutumia pilau, sahani mbili, moja yangu na moja ya Papa Dede. Ya Papa Dede ilikuwa na nyama nyingi zaidi, na sikulalamika.

Mwaka uliofuata binti yangu aliolewa na kijana wa Bule, misa hapa Bunia. Nilimpelekea Muzee Amisi barua ya mwaliko kwa adabu tu, sikufikiri atafika kanisani. Wiki moja kabla ya harusi akaja atelie, akakaa, akazungusha fimbo.

"Mama Jorjeti, niko na swali. Kule kanisani, batu bakipiga magoti, miye nitafanya nini?"

"Utakaa tu, muzee. Hakuna mutu atakuuliza."

"Na kama banasimama?"

"Utasimama kama unapenda. Kama miguu inauma, utakaa."

"Kofia?"

"Hapo nitakuomba uitoe."

Akaitikia kila jibu kwa kichwa, polepole, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anauliza bila kujua jibu.

Siku ya harusi alifika mapema kuliko jamaa zangu wa Mahagi. Nilimweka kwenye benchi nyuma yangu. Misa nzima nilisikia kidole chake kinagusa mgongo wa benchi langu, na sauti ndogo: "Sasa?" Nami namjibu bila kugeuka: "Tunasimama." "Sasa?" "Tunakaa." Wakati wa matoleo, watu walipopanda wakicheza na kuku na mikungu ya ndizi, aliniuliza kama naye anaweza kupeleka kitu. Nikasema ndiyo. Akatoa katika koti kifurushi cha sukari alichokuja nacho, akaingia kwenye mstari, akatembea na fimbo yake nyuma ya mashangazi wanaocheza, yeye hachezi.

Ikafika komunyo. Benchi zikaanza kutoka.

"Sasa?"

"Sasa apana, muzee. Hii ni ya siye tu."

Nilisema kwa woga kidogo, sikujua ataipokeaje. Yeye akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Enda, mama. Niachie mukoba, nitachunga."

Nikampa, nikaenda. Niliporudi alikuwa amekaa wima, kofia gotini, na mkoba wangu mwekundu ameushika kwa mikono miwili juu ya mapaja, anamwangalia kila anayepita.